Jirani Yangu wa Laini Mbili

Ukija kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Busia, upande wa Uganda, ukauliza anakokaa fundi wa simu, watoto watakuelekeza mlango wa mwisho karibu na bomba, nawe utakuwa umepotezwa. Jirani yangu hajawahi kufungua simu ya mtu. Yeye anatengeneza apu, vile vitu vya ndani ya simu unavyobonyeza kwa kidole, na hata haviuzi, na hapo ndipo watu wa ploti waliposhindwa kumwelewa. Anawapa watu bure, kisha matangazo yanayopita chini ya kioo ndiyo yanayomlisha. Nilimwuliza, "Sasa nani anakulipa?" Akafikiri kidogo, akasema, "Kuna kampuni, mama. Iko mbali." Nikasema haya, hata Mungu yuko mbali na tunakula.

Watu hawakuacha kumletea simu zilizovunjika. Wengine walileta redio. Mzee mmoja wa nyuma ya soko alileta pasi. Jirani hakuweza kumwambia mtu "hii si kazi yangu." Aliipokea ile pasi, akaipeleka kwa fundi wa kweli kule barabarani, akalipa mwenyewe, akairudisha. Mzee akamsifu mtaa mzima kwamba huyu kijana ni hodari wa pasi. Nilicheka mpaka nikakaa chini, lakini nilimkasirikia pia, maana mtu wa namna hiyo utamsaidiaje?

Nataka kumweleza kwa sababu mwaka huu nusura apoteze kazi yake yote, ile apu moja inayomweka mjini, na mimi nilikuwepo. Lakini nikianza na siku hiyo utamwona ni mtu wa kuhurumiwa tu. Siku nyingine alikuwa mtu wa kupigwa kibao.

Mimi ni Msamia wa Kenya, nauza omena. Asubuhi navuka kwenda sokoni kwetu, jioni narudi kulala huku kwa sababu vyumba ni nafuu. Sauti yangu imezoea kushindana na sauti za wauza samaki wenzangu, na sina subira na mtu anayenong'ona. Mungu naye akanipa jirani asiyenong'ona hata, Mjapadhola wa Rubongi kule Tororo, mrefu, mwenye koti la kijivu analovaa jua likiwaka. Anasalimia kwa kuinua nyusi. Mwaka mzima wa kwanza nilidhani ananidharau.

Apu yake wewe mwenyewe ukiwa mtu wa mpaka huenda unayo. Unaandika shilingi za Uganda, inakupa za Kenya, au unaanza na za Kenya, hata kama simu haina bando. Inakuambia pia bidhaa gani inavuka bila maneno mengi na ipi itakuletea matata pale getini. Akina mama wa mayai wanayo, watu wa vitunguu, vijana wa boda. Mimi nilikuwa nayo kabla sijajua ni yake.

Nilijua hivi. Siku moja nilisimama pale bombani nikiitukana. Nilisema aliyetengeneza takataka hii hajawahi kushika omena, maana vitufe ni vidogo, na mimi mkono mmoja umeshika kopo na mwingine unanuka samaki, nitabonyezaje? Jirani alikuwa nyuma yangu na jerikeni lake. Alijaza maji akaenda zake. Siku chache baadaye nikafungua apu nikakuta vitufe vimekuwa vikubwa, unaweza kubonyeza kwa kiwiko. Nikasema ala! Nikakumbuka nani alikuwa nyuma yangu pale bombani. Nikaenda kubisha hodi.

"Ni wewe?"

Akaangalia miguu yake. "Sasa nabonyeza vizuri, mama?"

Hiyo ndiyo siku nilipoingia chumbani kwake kwa mara ya kwanza. Kitanda, meza, kompyuta, na dirishani simu kuukuu zimepangwa mstari, zile za kununuliwa sokoni zikiwa na nyufa. Nilidhani basi kumbe ni fundi kweli. Akaniambia hapana, kila simu ni mtu. Ile ya kioo kilichopasuka ni ya mama wa mayai. Ile isiyokaa na chaji ni ya kijana wa boda. Ile nzito yenye kifuniko cha mpira ni ya mzee asiyeona vizuri. Kabla hajaachia jambo jipya lolote alilijaribu kwa kila mmoja wao. "Kama simu ya mama wa mayai inakubali," alisema, "basi watu yote itakubali." Aliziongelea kwa upole kuliko alivyowaongelea ndugu zake.

Alizipeleka matembezini pia. Alizijaza kwenye mifuko ya lile koti, ndiyo sababu ya koti, akaenda kusimama kati ya geti la Uganda na geti la Kenya, mahali simu zinapochanganyikiwa zisijue ni za nchi gani. Alitembea hatua chache huku, hatua chache kule, akitazama vioo. Askari mmoja alimkamata.

"Unapima nini hapa?"

"Napima mtandao."

"Umetumwa na nani?"

"Na watu."

"Watu gani?"

Hapo akashindwa. Nilikuwa napita na karai langu nikamsikia anaulizwa tena na tena, watu gani, na yeye anafungua mdomo, anafunga. Ilibidi niweke karai chini nimwambie afande huyu ni jirani yangu, hana ubaya, kichwa chake tu kimejaa hesabu. Afande akacheka akamwachia. Jirani hakufurahia jinsi nilivyomtetea, lakini niseme nini?

Sasa jambo lililonishinda kabisa ni hili. Mtu huyu, asiyeweza kumjibu mwenye nyumba habari ya asubuhi, alikuwa akijibu kila mtu aliyemwandikia kuhusu apu. Kila mmoja. Mtu wa Malaba akiandika kwamba imekwama, Jirani anamwandikia aya nzima, pole sana ndugu, simu yako ni ya aina gani, tujaribu hivi. Mtu wa Eldoret ambaye hatamwona maisha yake yote. Na akipewa nyota moja kati ya tano bila maneno, wiki yake imeharibika.

"Amenipa moja, na hajasema kitu," alinilalamikia.

"Mwache! Pengine mtoto alikuwa anachezea simu."

"Lakini mama, kwa nini?"

Akamwandikia kumwomba msamaha kwa kosa asilolijua. Hakujibiwa. Siku nyingi baadaye alikuwa bado anafungua kuangalia kama amejibiwa, na mimi nikimwona nasikia uchungu na hasira pamoja.

Alikuwa na msemo wake: "Mtu akinyamaza, iko inafanya kazi." Maana yake hakuna anayesumbuka kumwambia fundi kwamba kitu chake ni kizima. Watu huandika kikiharibika. Kwa hiyo siku ambayo hakuna mtu duniani aliyemkumbuka, kwake ndiyo siku njema. Alinieleza hayo akiwa ameridhika kabisa, na nikarudi kwangu nikakosa hamu ya kula.

Nilipougua malaria, alinitumia ujumbe. Mlango wake na wangu unatenganishwa na ukuta wa tofali moja, nasikia kiti chake kikilia, na yeye ananiandikia, "Mama pole. Uko aje?" Nikapiga ukuta kwa kiatu. "Ingia basi!" Akaja, akasimama mlangoni na nusu mkate na sukari kwenye karatasi, akaviweka juu ya ndoo, akasimama tena. Nikamwambia kaa. Akakaa. Alikaa hivyo mpaka homa ikashuka, na hilo sitalisahau.

Kuhusu riziki yake sikuwahi kujua vizuri, ila nilijua miezi. Mwezi mzuri nilikuta sahani ya nyama mlangoni pangu, imefunikwa, hakuna aliyebisha. Mwezi mbaya alikula muhogo na kusema tumbo linamsumbua. Mara moja ofisi fulani ya Kampala ilimwita, kazi ya mshahara, ya kuvaa tai. Nilimwambia nenda mara moja, mjinga wewe. Akakataa.

"Huko nitafanyia watu siwaoni," alisema.

"Na hapa unawaona?"

Akanyoosha kidole dirishani. Akina mama walikuwa wanapita na trei za mayai kichwani, mmoja simu mkononi, anabonyeza.

Nilitamani kumwambia, toka basi uwasalimie. Sikumwambia, maana nilijua atainua nyusi.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Tororo, msichana mzuri, mcheshi, aliyekuwa akija Jumapili. Ploti nzima tulimpenda. Alimfulia hilo koti, alimpikia, alimchekesha. Kisha akaacha kuja. Siku ya mwisho alipita kwangu kuniaga. "Mama, huyu mtu ni mzuri. Lakini nikikaa naye nasikia niko peke yangu." Baada ya muda nilimwuliza Jirani mwenyewe. Akasema, "Yeye nataka mimi naongea." Akanyoosha kola ya koti. "Mimi naongea, mama. Lakini mpaka naandika kwanza."

Basi, ndivyo alivyo. Sasa nisikilize ilivyokuwa.

Kila mtu wa Busia ana laini mbili, ya Uganda na ya Kenya, na kila moja ina kazi yake. Jirani aliipa laini ya Kenya kazi ya riziki. Malipo ya kule mbali yalipitia hapo, na kampuni ikitaka kuhakikisha kwamba anayefungua akaunti ni yeye na si mwizi, ilituma namba ya siri kwenye laini hiyohiyo. Hapa mpakani mtandao wa Kenya unavuka kuja kwetu bila pasipoti, kwa hiyo hakuwahi kuwaza juu yake.

Kisha mama yake akaugua. Jirani akafunga chumba akaenda Rubongi, nyuma ya kambi ya jeshi, akachukua kompyuta na hizo simu zake zote. Kule kwao mtandao wa Kenya haufiki. Alikaa wakati wa kupanda mahindi, akakaa mpaka yakavunwa, na mama akafariki. Nilikwenda kuzika. Alisimama kando ya kaburi na lile koti, watu wanampa pole, yeye anainua nyusi. Alibaki huko muda mrefu baada ya matanga, mtu asiyejua aende wapi.

Aliporudi alikuwa mifupa mitupu, na kompyuta ilikuwa imenyeshewa huko ikafa. Akapata nyingine kuukuu. Akafungua akaunti yake, kampuni ikaona mashine ngeni, ikasema thibitisha ni wewe, tumetuma namba ya siri kwenye laini yako. Na kwenye barua pepe yake alikuta barua zao za tangu yuko msibani: apu hii imechakaa, usipoiweka upya kabla ya mwisho wa mwezi tunaiondoa. Akatia laini ya Kenya kwenye simu. Imekufa. Laini ikikaa kimya miezi mingi, wenye mtandao wanaichukua wanamuuzia mtu mwingine. Mtu wa Nairobi hawezi kufanya kosa hilo, wala mtu wa Kampala. Ni sisi tu wa hapa tunaosahau kwamba mtandao wa nchi nyingine una mwisho wake.

Alikuja mlangoni pangu, na safari hii alibisha. "Mama, mimi nimepotea."

Aliponieleza nikasema, sasa si upige hiyo namba? Akapiga. Ikaita. Sauti ya mwanamke ikasema hallo. Jirani akakata.

"Kwa nini umekata?"

"Amejibu."

Yesu wangu! Nikamnyang'anya simu nikapiga mwenyewe. Nikamwambia yule mama habari za asubuhi, nikamwambia kuna namba itaingia kwenye simu yake sasa hivi, tafadhali atusomee.

"Ati niwasomee? Wezi nyinyi! Shindweni kabisa!" Akakata.

Sikumlaumu. Maneno hayohayo ndiyo wanayotumia matapeli, na mimi ningetukana zaidi yake. Nikapiga tena, nikasema haraka kabla hajakata kwamba namba hiyo ilikuwa ya kijana wangu, yule anayetengeneza apu ya mpaka, ya kubadili pesa. Kukawa kimya. Nilidhani ameondoka.

"Huyo yuko na wewe hapo?" aliuliza.

"Yuko."

"Mwambie aje Bumala mwenyewe na kitambulisho. Aulize fundi wa sweta. Mimi nina maneno na yeye."

Jirani hakulala vizuri, nilisikia kiti. Tulivuka asubuhi. Njiani nilimwona anatazama simu, midomo inacheza, nikachungulia. Alikuwa ameandika salamu: shikamoo mama, mimi ni nani, nimetoka wapi. Nikamwambia, "Ukimsomea mtu salamu, nakuacha barabarani." Akaizima, akabaki ameishika.

Fundi wa sweta tulimkuta kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, mjane wa makamo, mashine ya kufuma mbele yake na sweta za shule zimejaa hadi juu ya kabati. Alimtazama Jirani kwanza, mimi baadaye.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Kaa chini. Unajua watu wako wamenisumbua namna gani?"

Akatueleza. Ndani ya apu kuna ukurasa wa msaada, na Jirani alipoitengeneza mara ya kwanza aliweka hapo namba ile ya Kenya. Mama huyu hakujua. Alinunua laini tu, na tangu siku hiyo simu haikutulia. Leo shilingi iko ngapi? Getini wanakamata mayai? Mwanzoni aliwatukana. Kisha mama mmoja akapiga analia, mali yake imeshikwa, hajui aseme nini kwa wale maofisa, na fundi wa sweta akashindwa kukata. Akaitafuta hiyo apu, akajifunza. Sasa kila asubuhi anawauliza watu wanaotoka mpakani hali ikoje, halafu anaketi kwenye mashine yake akingoja wapigaji.

"Mume wangu alikufa. Watoto wako Nairobi, wanapiga Krismasi," alisema. "Hii simu yangu ilikuwa saa tu, ya kuangalia muda. Sasa nina mtu Malaba, nina mtu Nambale, nina mama wa vitunguu wa Masinya ambaye amezaa msichana akampa jina langu. Langu mimi!" Kisha akakaza macho. "Kama mmekuja kuninyang'anya hii laini, semeni sasa."

"Hapana, mama," alisema Jirani. "Nataka hiyo namba moja tu. Laini kaa nayo."

Akatazama kitambulisho, akageuza, akamrudishia. Jirani akafungua kompyuta magotini, akabonyeza. Tukangoja. Simu ikalia kidogo, na mama akasoma tarakimu polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma kanisani. Jirani akaandika. Kisha mabega yakashuka. Ilikuwa imefunguka. Palepale akaandikisha laini yake ya Uganda kwa malipo na namba za siri, akaiweka upya apu yake, na kazi yake ikawa imepona. Nilipiga vigelegele peke yangu mle chumbani mpaka kuku wakakimbia uani. Nilifurahi kama mtoto wangu amepita mtihani.

Yule mama hakupiga vigelegele. Alikuwa bado anamtazama.

"Hawa watu walikuwa wanakutafuta wewe," alisema. "Kabla yangu, walikuwa wanapiga?"

"Walikuwa wanapiga."

"Sasa ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo. Simu nilizima sauti." Akagusa simu yake mfukoni. "Kuandika wanaweza kuandika."

"Mama wa vitunguu hajui kuandika, mwanangu."

Jirani akainamia kompyuta yake. Ni wakati huo simu ikaita. Mama akatazama kioo, uso ukamng'aa, kisha akajizuia, akamnyooshea. "Ndiye huyu wa Masinya. Ni mtu wako. Ongea naye."

Aliipokea kwa mikono miwili. Mama alikuwa ameweka sauti kubwa, sote tukasikia.

"Hallo," alisema Jirani.

"Hallo. Wewe nani?"

Nikaona anatafuta. Simu yake yenye maandishi ilikuwa mfukoni. "Mimi... mimi ndiye nilitengeneza hii apu. Ya kubadili pesa. Ni mimi."

"Eh, asante," ilisema sauti ya Masinya. "Nipe mama."

Alikaa nayo sikioni kidogo. Kisha akasema, "Iko hapa," akairudisha kwa mikono miwili, na wale akina mama wawili wakaingia kwenye Kisamia, wakacheka, wakaulizana. Jirani hajui Kisamia. Alisogea karibu na zile sweta, akafunga kompyuta, akawa anamtazama mdomo yule mama.

"Wanasema nini?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna kitu, mtoto ameota jino, wanasalimiana tu. Akaitikia kwa kichwa. Nilinyanyuka ili twende, akanishika mkono niketi tena, tukawasikiliza mpaka wakamaliza.